Pembe ya Ndiva

Hii ni kesi. Isikilizeni hadi mwisho, kisha mtoe hukumu.

Katika milima ya Upare palikuwa na ndiva, bwawa la udongo na mawe lililomwagilia mashamba ya bondeni. Mlinzi wake, Mzee Mgonja, ndiye peke yake aliyeruhusiwa kupuliza pembe ya kuwaita watu bwawani. Kila alipoondoka alisema, "Nisipokuwepo, ningojeni."

Jirani zake walikuwa watatu. Elieskia aliona mambo kabla ya wengine. Kihiyo akisema, watu hufuata. Sifaeli hakuwa msemaji, lakini alikuwa na pumzi ya kuzamia.

Asubuhi moja ya masika, mzee akiwa amelazwa hospitali kwa maradhi ya kifua, Elieskia aliona maji yakivuja ukutani mwa ndiva. Yalikuwa na tope. Maji safi ni jasho la ukuta. Ya tope ni ukuta wenyewe unaondoka. Alikwenda nyumbani kwa mzee, akaitungua pembe msumarini.

"Irudishe!" mke wa mzee alimkemea. "Mwenyewe kasema angojwe."

"Mama, maji hayakuambiwa yangoje."

Akapuliza.

Watu walifika wakiulizana nani kathubutu. Kihiyo akapanda ukutani, akakaa, miguu ikining'inia upande wa bondeni.

"Kesi baadaye! Wenye majembe kushoto, wenye mawe kulia. Mimi hapa sishuki."

Ukuta ulipotikisika, wengi waligeuka kukimbia. Walimwona bado amekaa. Wakarudi.

Tundu lililovujisha maji likazidi kupanuka. Sifaeli akasema kizibo, gogo lililoziba njia ya maji chini ya bwawa, king'olewe, maji yapungue.

"Usiguse!" alisema Kihiyo. "Kiangazi tutamwagilia mate?"

Sifaeli alivuta pumzi. Alizama, akaking'oa. Maji yakashuka, mawe yakashika. Lakini gogo la kizibo liliuponda mkono wake wa kulia, na tangu siku hiyo hajashika jembe.

Bondeni hakufa mtu.

Mzee Mgonja alirudi bila pumzi ya kupuliza. Ilimbidi amkabidhi mtu pembe kabla ya vuli, akawaita wote watatu.

"Pembe iliita watu, wakaja kupiga kelele," alisema Kihiyo. "Nani aliwafanya wajenzi?"

"Na bila pembe ungewapanga akina nani, kaka?" aliuliza Elieskia. "Panzi?"

Sifaeli aliutazama mkono wake. "Mimi nilikatazwa, nikafanya. Mkinipa pembe, mjue mmempa asiyesikia."

Mzee aliipakata pembe. Alijua kwamba neno lake, lau lingetiiwa, lingewazika watu wa bondeni. Aliogopa kuchagua vibaya mara ya pili.

Pembe iko magotini pake. Vuli inakaribia, na msumari ukutani bado mtupu.

Je, ninyi mliosikia, mngemkabidhi nani?