Kindi Anangoja Usukani

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Mmeshiba?

Nusu!

Basi nusu iliyobaki ijazeni kwa masikio.

Hapo zamani, magari ya mbio yalipokuwa ya wanyama, palikuwa na Kindi. Kindi alizaliwa juu ya mgunga, na chini ya mgunga huo ilipita barabara ya mashindano. Kabla hajafumbua macho alisikia vuuum! Kabla hajajua kuguguna mbegu alisikia vuuum! Akakua, na moyoni mwake mlikuwa na jambo moja tu: kushika usukani.

Lakini gari lilikuwa la Kiboko. Gari jekundu, la chini, tumbo lake karibu liguse lami. Na Kiboko mnamjua: kinywa kama mlango wa ghala, na bado hakitoshi.

Sheria ya mashindano ilikuwa hivi. Mbio zinaanza asubuhi, zinakwisha jua likizama, na kila gari lina madereva wawili. Dereva wa kwanza anaanza, na yeye ndiye anayeamua lini ampishe mwenzake. Kombe la msimu hutolewa siku ya mwisho, kwa dereva wa kwanza wa gari lililoshinda.

Kiboko akamchukua Kindi awe dereva wa pili. Kwa nini Kindi? Kwa sababu mnyama mdogo ni rahisi kumsahau.

Kindi alifurahi, jamani! Alichonga vipande vya mti, akavifunga miguuni ili afike kwenye pedali. Mbio za kwanza zikafanyika bondeni. Kiboko aliposimama kutia mafuta, Kindi akamkimbilia, miguu ikilia ko! ko! ko!

"Bwana Kiboko, zamu yangu imefika?"

"Bado kidogo."

Vuuum! Akaenda zake. Jua likazama, Kiboko akashinda, Kindi akafungua vile vipande miguuni.

Mbio za pili zikafanyika nyikani. Kiboko akasimama kutia mafuta. Ko! ko! ko!

"Bwana Kiboko, zamu yangu imefika?"

"Bado kidogo. Kiti kimeshazoea umbo langu."

Vuuum! Jua likazama.

Mbio za tatu zikafanyika kando ya ziwa la magadi. Jua lilikuwa kali, ngozi ya Kiboko ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Ko! ko! ko!

"Bwana Kiboko, umechoka. Nipe mzunguko mmoja tu. Mmoja!"

"Bado kidogo, nimesema! Tena unaniuliza mno. Mwakani nitamchukua Konokono. Konokono haulizi."

Vuuum!

Siku ile Kindi hakufungua vipande miguuni. Alikaa navyo hivyo hivyo, akiangalia gari likizunguka mpaka shingo ikamuuma.

Zikabaki mbio za mwisho. Na mbio hizo, wasikilizaji wangu, zilikuwa pale pale penye mgunga. Mama yake Kindi alikuwa angali hai, mzee, mkia umebaki nywele chache.

"Mwanangu," mama akamuuliza alipopanda kumsalimu, "mwaka mzima umekuwa ukiendesha?"

Kindi akaangalia pembeni. "Kesho, mama. Kesho nitapita hapa chini."

"Basi nitaamka mapema."

Kindi akashuka. Hakulia. Alikwenda kwenye hema la waamuzi, akaona birika kubwa la shaba wanalopikia kahawa, limejaa masizi. Akachukua majivu, akalisugua: kwaru, kwaru, kwaru! Likang'aa kama mwezi. Akaliweka juu ya meza, kando ya kombe la msimu. Kombe likaonekana kama kikombe cha mtoto.

Asubuhi akakaa karibu na Kiboko, akawa anajisemea peke yake, lakini kwa sauti.

"Masikini Bwana Kiboko! Amehangaika msimu mzima, atapewa lile dogo. Na mimi niliyekaa bure, nitalibebaje lile kubwa?"

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Kubwa lipi?"

"Ah! Hukuliona? Lile pale mezani. Mwaka huu dereva wa pili naye atakumbukwa."

Kiboko akachungulia hemani. Mate yakamdondoka, to! to! to!

"Wewe! Lile lako?"

"Ndivyo nilivyopangiwa, Bwana. Mimi ndiye wa pili."

"Ulikuwa wa pili! Kuanzia leo wa pili ni mimi!"

"Lakini, Bwana Kiboko..."

"Hakuna lakini!"

Kiboko akaenda mbio kwa mwamuzi mkuu, Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja. Akamwambia abadilishe majina. Korongo akamuuliza, "Una hakika?" Kiboko akasema, "Andika!" Korongo akaandika.

Kindi akaingia garini. Ko! ko! Akashika usukani. Bendera ikashuka.

Vuuum!

Akapita chini ya mgunga, akatoa mkia dirishani, akaupunga. Akazunguka, akapita tena, akapunga tena. Aliposimama kutia mafuta, Kiboko akaja akihema.

"Bi Kindi, zamu yangu imefika?"

"Bado kidogo."

Vuuum! Kiboko akarudi kivulini kulitazama lile birika, akatulia. Mara ya pili akauliza, akajibiwa, "Bado kidogo." Mara ya tatu hata kuuliza aliona uvivu.

Jua likazama, gari jekundu likiwa la kwanza. Korongo akamkabidhi Kindi kombe la msimu.

"Na langu?" Kiboko akanguruma. "La dereva wa pili?"

"Dereva wa pili hana kombe."

"Na lile kubwa?"

"Lile ni birika letu," akasema Korongo. "Ungependa kahawa?"

Kiboko akakifunga kile kinywa cha ghala. Kwa mara ya kwanza hakuwa na hamu ya kitu.

Kindi akapanda mgunga, kombe mgongoni. Mama yake alikuwa macho.

"Nimekuona," mama akasema. "Mara zote. Sasa moyo wako umetulia?"

Kindi akaangalia chini. Magari yalikuwa yanafunikwa maturubai, maana mvua zilikuwa karibu, na barabara ilikuwa kimya.

"Hapana, mama," akasema. "Zamani nilitamani nisichokijua. Sasa ninakijua."

Mama akamfunika kwa ule mkia wake wa nywele chache, wakakaa wakisikiliza ule ukimya.

Na funzo, watoto wangu: mkiambiwa "bado kidogo," ngojeni kwa adabu, msiulize, msisugue birika la mtu. Ujanja hauna faida yoyote, ila ile moja ndogo ya kukipata unachokitaka.

Ngano yangu imeishiwa mafuta papo hapo. Aliye karibu na aisukume, aliye mbali na alale.