Jina la Mtoto wa Nakiete

Sogeeni, na mwenye hukumu ya haraka aishikilie kwanza. Walikuwako wanawake watatu: Bibi Namcha mwenye macho, binti yake Nakijwa mwenye miguu, na Daktari Semboja mwenye mikono. Wa nne ni Nakiete, mkamwana wa Bibi Namcha, mwenye mtoto. Zawadi ni moja tu: jina. Katika ukoo huo mtoto aliyenusurika kufa huitwa jina la aliyemwokoa, na asiye na jina akifa huzikwa nyuma ya nyumba, bila matanga. Nakiete alikwisha kumzika mmoja hivyo.

Yule wa kwanza alivimba tumbo. Bibi Namcha akasema ni kijicho, akamlambisha samli. Siku ya nne mtoto akafa. Alipozaliwa wa pili, wa kike, kadi ya zahanati iliandikwa "mzima". Bibi hasomi kadi. Alifungua nepi, akatazama, akatazama tena.

"Mwanangu, huyu hana njia ya haja kubwa. Nadhani hata yule hakuwa nayo. Sikutazama."

Masika yalikuwa yamekata barabara, na Nakiete hakuweza hata kusimama. Nakijwa akamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akashuka mlima mwendo wa saa saba kwa miguu. Nesi wa zahanati alikuwa amemkataza kumpa mtoto hata tone la maziwa. Mtoto alilia njia nzima. Wanawake wa njiani walimletea maji ya sukari. Alipokataa, wakamwita mchawi.

Hospitalini hapakuwa na bingwa wa watoto. "Operesheni hii nimeifanya mara moja," Daktari Semboja alimwambia.

"Akapona?"

"Hapana."

Akalipasua tumbo, akautoa utumbo kwenye kitundu ubavuni ili haja ipitie hapo. Mtoto akaishi.

Sasa ana miezi mitano, na leo saa nne anaingia tena, atengenezewe njia yake. "Wengi hurudi salama," daktari amesema. Tangu hapo Nakiete hasikii kingine ila hilo neno *wengi*. Kadi bado inasema: Mtoto wa Nakiete.

"Aitwe Nakijwa," wifi yake alisema kwenye benchi. "Mgongo huu bado unauma."

"Ulimbeba kifuani, mgongo umeingiaje?" Bibi Namcha akauliza. "Nisingeona mimi, ungembeba nani?"

"Na yule wa kwanza, mama, ulimwona?"

Nakiete akakunja kanga ya mtoto, akaikunjua.

Daktari akatokea mlangoni. "Mimi jina langu mniachie, nahitaji nesi wa pili. Lakini andikeni lolote. Ni saa nne kasoro dakika tano."

Nakiete ameshika kalamu. Mmoja aliona, ila kwa mtoto wa kwanza alichelewa. Mmoja alibeba, na anadai. Mmoja alipasua, wala hataki. Jina likiandikwa halifutwi, na huenda likaitwa makaburini kabla ya jua kuzama.

Haya, kalamu ni yako: wewe ungeandika la nani?