Sufuria za Ndege ya Masanilo

Tabora nzima hapakuwa na mtu aliyetapeliwa kumzidi Bi Nyamizi, rubani wa kunyunyizia pamba dawa. Aliwahi kununua kiwanja chenye wenyewe watatu, na pikipiki ambayo polisi waliijua kuliko yeye. Sasa alitaka ndege kuukuu ya tajiri Masanilo.

"Haina rehani, haina mdai," Masanilo akaapa. "Lete hela, uichukue."

"Mimi naamini kila ninachoambiwa, bosi, ndiyo kasoro yangu. Hela naleta kesho saa nne, pamoja na fundi na msumeno. Naikatakata papo hapo, nitengeneze sufuria."

"Sufuria?" Masanilo alicheka hadi machozi. "Shauri yako, mama!"

Jioni nzima alipiga simu huku na huku, akimsimulia kila mtu habari za mwanamke punguani anayepika kwa ndege. Nyamizi alizisikia sokoni, akainamisha kichwa. Kuchekwa alishakuzoea.

Saa nne, msumeno ulipogusa tu bawa, pikipiki tatu ziliingia uwanjani mbio.

"Msikate! Iko rehani kwetu!" alipiga kelele ofisa wa benki.

"Injini yangu hajanilipa!" akadakia mekanika.

"Na nusu ni yangu!" akafoka shemeji yake Masanilo.

"Nani kawaambia?" Masanilo akang'aka.

"Si wewe! Mji mzima umeuchekesha jana!"

Nyamizi akamwambia fundi wake, ambaye alikuwa seremala, auweke chini msumeno wake wa mbao. Kisha akafunga mkoba wa hela.

"Asante, bosi. Peke yangu nisingejua pa kuwatafuta."