Fuwele za Sabato

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Anayeikimbiza kazi huishia kuifanya mara mbili. Nyakerario aliyaamini maneno hayo. Bosi wake, Motari, aliyajua kwa mdomo tu.

Wawili hao walifanya kazi katika maabara ndogo mtaani Suna, mjini Migori. Nyakerario alikuwa amebuni hesabu ya kutabiri kama molekuli za vitu viwili zitakubali kushikana na kuunda fuwele moja, yaani chembe ngumu yenye umbo sawia kama punje ya chumvi. Hesabu hiyo ilisema kwamba dawa ya kichocho, chungu kama shubiri, ingeoana na asidi fulani ya matunda. Ndoa hiyo ingeupunguza uchungu, na watoto wa ufuoni Homa Bay wangeacha kuitema. Lakini wafadhili walikuwa wanakuja Jumatatu, na bila fuwele utafiti wote ungefungwa.

Ijumaa, Motari aliuinjika mchanganyiko wa maji wa dawa na asidi motoni. Ulikauka upesi, ukabaki unga. Walipoupima, dawa na asidi ziliyeyuka kila moja kwa joto lake, kama wageni waliolala chumba kimoja bila kusalimiana.

"Hesabu yako imetuangusha, dada," Motari alisema.

"Si hesabu, ni moto wako!" Nyakerario alijibu kwa uchungu. Alimimina mchanganyiko mwingine kwenye sahani, akaifunika kwa karatasi yenye matundu ili ukauke polepole bila moto. Jua lilikuwa linazama.

"Basi kaa hapa ukoroge mpaka ukauke," Motari aliamuru.

"Sabato inaingia, Motari. Mimi sikorogi kitu, na wewe pia hukorogi."

Alifunga mlango, akatia ufunguo mkobani.

"Hawa Wasabato wataniua," Motari alinung'unika.

Kanisani, Nyakerario aliimba huku roho ikiwa juu juu. Hata Jumapili, Sabato ikiwa imekwisha, alijizuia kwenda kuchungulia.

Jumatatu, mbele ya wafadhili, aliifunua sahani. Loo! Ilikuwa imejaa fuwele ndefu, angavu kama sindano mpya. Alizipasha joto. Zote ziliyeyuka pamoja, kwa kiwango cha joto ambacho hakikuwa cha dawa wala cha asidi. Hesabu ilikuwa imesema kweli! Nyakerario alipiga kigelegele mle mle maabarani bila haya, na wageni wakatangaza kwamba utafiti utaendelea.

Motari alijikuna kisogo. "Ijumaa ijayo, dada, ufunguo uuchukue mapema, kabla sijawasha moto."

Hakika, haraka haraka haina baraka.