Keria ya Bibi Milembe

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana treni ilikwisha kuwapo na mabasi yalikuwapo, aliishi Tabora mkunga mmoja, Bibi Milembe, mwenye waume wawili. Msinikodolee macho! Wa kwanza alikuwa mumewe wa ndoa, Bwana Mkubwa. Wa pili alikuwa baiskeli yake nyeusi, yenye keria pana na kengele kali. Huyo alimwita Bwana Mdogo.

Bwana Mkubwa akafariki. Kisha Bibi Milembe akaanguka, nyonga ikamkatalia, bintiye akamchukua kwenda kumtunza Ukerewe. Bwana Mdogo akabaki Tabora, kafungiwa stoo. Tangu hapo bibi hali, hacheki. Siku moja akasema:

"Nataka kitu kimoja kabla hamjanifukia. Nikae kwenye keria ya Bwana Mdogo nipelekwe kanisani, watu wanione. Atakayenikutanisha naye ndiye atakayeniendesha, na baiskeli itakuwa yake."

Wajukuu watatu wakasikia. Luhende alikuwa Tabora. Bibi humwita "mume wangu", si unajua utani wa bibi na mjukuu? Mbuke alikuwa Mwanza, Sayi alikuwa hapo hapo nyumbani. Hao huwaita "wake wenzangu".

Luhende akaipeleka baiskeli stesheni. Behewa la mizigo limejaa! Karani akasema, "Isubiri treni ijayo." Luhende akasema, "Bibi hasubiri." Akaiingiza kwa abiria, akailaza kwenye kiti chake, yeye akasimama. Watu wakanung'unika.

"Kijana, tangu lini baiskeli ikakaa kitini?"

"Huyu ndiye abiria, mzee wangu. Mzigo ni mimi."

Alisimama hadi Mwanza, miguu imevimba hata viatu vikagoma.

Mwanza, Mbuke akawapokea. Basi limebakiza nafasi moja, Mbuke akapanda. Luhende akabaki kungoja la kesho. Utingo akafungua pedali na kupinda usukani, kama desturi ya baiskeli inayopakiwa juu ya basi. Alipotaka kufunga kamba, Luhende akamzuia. "Kamba zenu sizitaki. Sisi wa Tabora tunafunga kwa mpira wa tyubu." Akapanda juu, akafunga mwenyewe, akashuka anajisifu.

Njiani, kwenye makorongo, mpira ukakatika. Bwana Mdogo chini, pu! Gurudumu la mbele likapinda.

"Dada, nimechelewa," dereva akasema. "Panda twende, au baki nayo!"

"Nabaki nayo."

Basi likaenda zake. Mbuke akafunga pedali kwenye kanga, akalibeba gurudumu bovu begani, la nyuma likawa linabingirika, akatembea hadi kivukoni, bega limechubuka. Akavuka ziwa, akamkuta fundi, gurudumu likanyooshwa.

Na Sayi je? Sayi hakugusa hata spoki. Bibi alikuwa amegeukia ukuta, anakataa uji. Sayi akamwambia, "Bibi, baiskeli imeshavuka ziwa, nimesikia kengele yake." Uwongo mtupu! Treni ilikuwa haijaondoka Tabora. Lakini bibi aligeuka, akanywa. Kila asubuhi uwongo mpya, kila asubuhi bakuli tupu. Kisha Sayi akamshika kiuno, akamfundisha upya kusimama. "Utapandaje keria bila miguu, mke mwenzangu?"

Hata siku moja, kriiing! Bibi akapiga kelele, "Bwana Mdogo huyo!" Akatoka hadi mlangoni kwa miguu yake, akakumbatia usukani, akalia waziwazi. Kesho yake Luhende naye akafika, anachechemea.

Jumapili wakakusanyika uani. Bibi kavaa gauni la sikukuu. Ndipo maneno yakaanza.

"Nitaendesha mimi," Luhende akasema. "Bila mimi ingekuwa bado stoo. Nilisimama ili yeye alale."

"Na mpira wako ukamwangusha!" Mbuke akasema. "Nitaendesha mimi. Niliachwa porini kwa ajili yake, na ni mimi niliyemfikisha."

Sayi akasema taratibu, "Bibi hakusema atakayeileta. Alisema atakayemkutanisha naye. Ninyi mlileta baiskeli. Bibi ameletwa na nani?"

"Uwongo wako?" Mbuke akadakia.

"Ndiyo, uwongo wangu. Bila huo mngeleta baiskeli matangani."

Moyo wa bibi ukamuuma. Aliwapenda wote, na mdomo wake ndio uliomponza. Akajivuta hadi kwenye baiskeli, akaketi kwenye keria, wote watatu wakamshikia. Akafumba macho, akanyoosha mikono mbele.

"Mimi nimeshapanda," akasema. "Kengele ya kanisa inalia. Nileteeni mgongo wa kukumbatia."

Wajukuu wakatazamana. Tandiko lilikuwa moja.

Haya, na wewe uliyecheka sana kule nyuma, anza kujibu: je, ni mgongo wa nani uliostahili mikono ile?