Kibaraza cha Vioo cha Shekiondo

“Upepo hauingii pasipo pa kutokea.” Mmeisikia asubuhi kwa wale waliokuwa wakiezeka darasa, mkauliza imetoka wapi. Imetoka Lushoto, nyumbani kwa mtu mmoja, na kisa chenyewe ni hiki.

Shekiondo, karani mstaafu wa shamba la chai, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala hakuwa na subira ya kusikiliza. Alikuwa na mke, Mama Hoza, na hofu ya kubaki bila yeye. Kila kipupwe viungo vya Mama Hoza viliuma hata kuinua sufuria kukamshinda. Binti yao Hoza, aliyeolewa Tanga kwenye joto, alikuwa amekwisha kuandika: “Mama aje akae kwangu.”

Shekiondo akaamua kumletea mkewe joto palepale. Alimwita Fundi Singano kutoka Korogwe amjengee ubavuni mwa nyumba kibaraza cha vioo, kuta na paa, mama aote jua humo pamoja na maua yake. Fundi alipofika kwenye paa akasema, “Mzee, hapa kileleni tuweke madirisha mawili ya kufunguka.”

“Nizuie baridi kwa vioo, kisha niikaribishe kwa juu?”

“Joto hupanda, mzee. Lisipopata—”

“Kijana, mimi nimesoma. Madirisha ya chini yanatosha. Funga paa!”

Fundi akafunga, akaondoka bila kuaga vizuri. Naye Shekiondo, kama watu wote wa milimani waliozoea kukandika kila ufa, akapita na kopo la lami akiziba hata penye nafasi ya kupita sisimizi.

Wiki ya kwanza Mama Hoza alikaa humo akiimba. Wiki ya tatu vioo vilitoka jasho. Mchana kibaraza kiliwaka kama tanuri. Asubuhi matone yalimdondokea kichwani. Majani ya maua yakaota kuvu, na yeye akaanza kukohoa. Shekiondo alifungua madirisha yote ya chini. Nje upepo ulitikisa migomba. Ndani hata uzi haukucheza.

Mama Hoza akafunga kisanduku chake. “Ijumaa nakwenda Tanga.”

“Mimi nifanyeje? Upepo wenyewe mkaidi.”

“Mkaidi ni upepo?” Akaenda jikoni, akarudi na gunzi linalofuka moshi, akaliweka sakafuni. “Haya, Baba Hoza, msomi wangu. Moshi unakwenda wapi?”

“Juu.”

“Ukifika juu?”

Moshi ulikuwa umejikusanya chini ya paa, mzito, haujui pa kwenda.

“Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya nyasi, na moshi uliijua njia yake,” akasema Mama Hoza. “Hii yako imejaa. Mtungi uliojaa utauongeza nini? Nawe ndivyo ulivyo. Fundi alisema, halikukuingia. Nilisema mimi, halikukuingia. Umejaa Shekiondo mpaka utosini.”

“Basi nipasue kichwa?”

“Pasua paa kwanza. Kichwa kitafuata.”

Alitaka kukasirika, lakini mkewe alikuwa ameshikwa na kikohozi tena, ameinama, mkono kifuani. Akaketi mezani, akachukua kalamu.

“Fundi Singano,” aliandika, “ulisema kweli nami nikakukatiza. Joto hupanda. Njoo unifungulie madirisha mawili kileleni. Nitakushikia ngazi mwenyewe, na safari hii utamaliza sentensi zako.”

Mama Hoza aliisoma barua akiwa nyuma yake. Alikwenda kwenye kisanduku akatoa khanga moja, kisha ya pili, akazirudisha kambani.

“Kumbe upepo hauingii pasipo pa kutokea,” akasema Shekiondo. Akailamba bahasha, akaifunga, akabandika stempu, akaipeleka posta kwa miguu yake.