Kufuri la Wengi

"Kufuri la wengi halifungi mtu," alisema Bibi Kabula. Wajukuu wakaangua kicheko.

"Bibi, ni kufuli!"

"Najua kufuli, wasomi wangu. Ila kwenye methali hii ni kufuri, na chanzo chake ni hiki."

Mtendaji mmoja alilitia kufuli bomba la kijiji, ufunguo akauweka mfukoni. Jamaa zake wakawa wanachota. Wengine walifuata maji mtoni, mwendo wa saa mbili. Aliyelalamika mkutanoni alilala mahabusu. Watu wakanyamaza.

Asubuhi moja ukuta wa ofisi ukakutwa na maandishi ya mkaa: MTENDAJI TOA KUFURI, MAJI SI YA MAMA YAKO.

Aliyeandika ni Nyamizi, mjane wa watoto wanne, aliyejua kusoma mwaka uleule katika kisomo cha watu wazima. Alijivunia kila herufi, asijue kwamba moja imepotea njia. Kwenye ulimi wake, l na r zilikuwa mtu na ndugu yake.

Mtendaji aliligundua kosa. Alasiri akaingia darasani na mgambo.

"Leo imla natoa mimi. Andikeni: Kufuli ni mali ya serikali."

Nyamizi akaandika upesi kwenye kibao chake. Jirani yake, Mama Shija, kinara wa darasa, akakichungulia. Akalowesha kidole mate, akafuta l yake, akaweka r.

"Mbona unafuta?" Nyamizi alinong'ona.

"Nyamaza, wifi. Leo mwalimu ni wewe."

Nyamizi akaelewa kwamba herufi yake ingemfichua. Akawaza wanawe watalala kwa nani. Nyuma yake alisikia vidole vikisugua vibao, benchi hadi benchi.

Mtendaji akapita akikagua. Kufuri. Kufuri. Vibao ishirini na vitatu, kufuri.

"Mwalimu! Unafundisha nini hapa?"

Mwalimu akashika chaki, akaandika ubaoni: KUFURI.

"Ndivyo tuandikavyo, Bwana Mtendaji. Kuna tatizo?"

"Ni l, mjinga wewe!"

"Basi mkamate aliyekosea," alisema Mama Shija.

Mgambo akawatazama wanawake wote wale, kisha akatazama pingu yake moja. Kicheko kikaanzia nyuma. Mtendaji akatoka bila kuaga.

Bomba halikufunguliwa siku ile. Lakini mkutano uliofuata Nyamizi alisimama, akaudai ufunguo kwa mdomo wake, na kabla hajaketi wenzake ishirini na wawili walikuwa wamesimama. Ndipo ulipotolewa.

Tangu hapo, anayeogopa kusema peke yake huambiwa: kufuri la wengi halifungi mtu.